Chama Kisizikwe Pamoja na Mwanzilishi Wake



Likizo ndefu iliyopita, watatu kati yetu tulirudi katika kigango ambako mwaka mmoja kabla tulikuwa tumeanzisha kikundi cha kuwatembelea wazee na wagonjwa. Tulikianzisha kwa moyo wote. Vijana kumi na wanne walijiandikisha siku ya kwanza, mara baada ya Misa. Tulikuwa na daftari la mahudhurio, ratiba ya nyumba za kutembelea, fulana za rangi moja, na kundi la WhatsApp lililojaa picha kila Jumamosi jioni. Padre mmoja rafiki yetu alitusaidia fedha za sabuni, sukari na unga. Likizo ilipokwisha tulirudi seminarini tukiamini kwamba tumeacha kitu nyuma yetu.

Mwaka uliofuata hatukukuta kitu. Daftari lilikuwa limebaki kwenye begi la mmoja wetu, huku huku seminarini. Msimamizi wa kundi la simu alikuwa mwenzetu mwingine, na seminarini simu zina siku zake. Kundi lilinyamaza ndani ya wiki tatu. Fulana tulizikuta, mbili zikivaliwa shambani. Tukaenda kumwamkia bibi mmoja asiyeona vizuri, ambaye jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha yetu. Alitupokea kwa furaha, akauliza habari za masomo, kisha akasema bila kinyongo chochote: “Wajukuu zangu, Jumamosi ile niliwasubiri. Nikasema labda ni mvua. Na Jumamosi nyingine nikasubiri. Baadaye nikaacha.”

Hatukuwa na la kujibu. Tukiwa bado tumeketi, mama jirani aliingia na ndoo ya maji kichwani, akayamimina mtungini, akatusalimu, akatoka. Bibi akatueleza kwamba mama yule na wenzake wa jumuiya wamegawana siku za kumletea maji. Walianza kabla yetu, waliendelea tulipokuwapo, na hawakuacha tulipoondoka. Hawana fulana. Katika likizo nzima ile ya kwanza, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwauliza wanafanya nini.

Tunaandika haya kwa sababu tunaamini kosa hili si letu peke yetu. Ni ugonjwa wa vyama na mashirika mengi yaliyoanzishwa kwa nia njema, kuanzia kikundi cha vijana kigangoni hadi shirika kubwa lenye ofisi na magari. Anatokea mtu mwenye maono. Kazi inashika kasi, watu wanasifu, majengo yanainuka. Kisha mtu huyo anahamishwa, au anafariki, au mfadhili wake anajitoa, na kabla mwaka haujaisha nyasi zinaota mlangoni. Watu husema, “Enzi za Padre fulani mambo yalikuwa mazuri.” Sisi tunaona kwamba sentensi hiyo, ingawa husemwa kama sifa, mara nyingi ni hukumu. Kiongozi ambaye kazi yake haiwezi kuishi bila yeye hajamaliza kuongoza, hata kama alifanya kazi usiku na mchana.

Wanafunzi wa Paris

Tulipokuwa tukijiuliza tulikosea wapi, tulikumbuka kwamba kuna wanafunzi wengine waliowahi kuanzisha jambo kama letu, na la kwao lipo hadi leo. Katika parokia zetu nyingi tunakifahamu Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Wengi wetu tunadhani kilianzishwa na Mtakatifu Vinsenti mwenyewe. Sivyo. Vinsenti alifariki mwaka 1660. Chama hiki kilianza Paris tarehe 23 Aprili 1833, nacho kilianzishwa na walei, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu. Miongoni mwao alikuwamo Frédéric Ozanam, mwanafunzi wa sheria, aliyekuwa anatimiza miaka 20 siku hiyo hiyo.

Vijana wale walikuwa na kikundi cha midahalo ambako walitetea imani yao mbele ya wenzao wasioamini. Mmoja wa wapinzani wao aliwakubalia kwamba zamani Ukristo ulitenda makubwa, kisha akawauliza: leo hii, ninyi mnaojisifia Ukatoliki, mnafanya nini kwa maskini wa jiji hili? Lilikuwa swali zito. Mwaka mmoja tu kabla, kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu ya watu Paris, na wajane, yatima na vibarua walikuwa wamejazana katika mitaa ya hali duni. Ozanam na wenzake hawakuandaa hotuba nyingine ya kujibu. Waliamua kwenda.

Lakini hawakwenda wenyewe tu kama tulivyokwenda sisi. Walimtafuta Sista Rosalie Rendu, Binti wa Upendo aliyekuwa amewahudumia maskini wa mtaa wa Mouffetard kwa miaka mingi na aliyezijua familia zile nyumba kwa nyumba. Yeye ndiye aliyewaonyesha pa kwenda, na akawafundisha namna ya kuingia katika nyumba ya mtu maskini bila kumvunjia heshima. Kwa maneno mengine, walipofika mtaani walimtafuta kwanza yule aliyekuwa tayari anabeba ndoo. Sisi tulimpita njiani.

Mwenyekiti wao wa kwanza hakuwa Ozanam. Alikuwa Emmanuel Bailly, mtu mzima aliyekuwa na gazeti, ambaye ofisi yake ndiyo waliyokutania. Ozanam, ambaye leo anatajwa kama mwanzilishi mkuu, hakuwahi kuwa Rais Mkuu wa chama hicho maisha yake yote. Alipomaliza masomo ya sheria mwaka 1836 alirudi Lyon, mji aliolelewa, akakaa huko miaka kadhaa. Chama cha Paris hakikufa kwa kuwa yeye hayupo. Alipofariki mwaka 1853, akiwa na miaka 40 tu, kilikuwa kimeshavuka mipaka ya Ufaransa. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri tarehe 22 Agosti 1997, na leo chama hicho kipo katika nchi zipatazo 150.

Liko tukio moja katika historia yao ambalo viongozi wa vyama vyetu wangefaa kulitafakari. Ndani ya miaka miwili wanachama walizidi mia moja, na chumba kikawa hakitoshi. Mwishoni mwa 1834 likaletwa pendekezo la kugawa kikundi kiwe vikundi vidogo kadiri ya maeneo. Mjadala ukawa mkali. Waliopinga hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanapendana, na waliogopa kwamba wakitengana urafiki utakufa. Ozanam alikuwa upande wa waliotaka kugawanyika, na mwaka 1835 wakagawanyika. Kama wangebaki wamoja kwa ajili ya raha ya kuwa pamoja, huenda leo tusingekuwa na cha kusimulia. Chama kilikua kwa sababu wanachama walikubali kuachiana.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuelewa jambo hili kuliko wengine. Maaskofu wa AMECEA walipokutana mwaka 1973, na tena mwaka 1976, waliziweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji katika kanda yetu. Waliona kwamba parokia yenye maelfu ya waamini haiwezi kumjua kila bibi asiyeona. Anayeweza kumjua ni jirani yake. Jumuiya inapokuwa kubwa mno huzaa nyingine. Kila mmoja wetu amewahi kusikia manung'uniko siku jumuiya inapogawanywa, na kila mmoja amewahi kuona watu waliokuwa kimya katika jumuiya kubwa wakiwa makatibu na wahazini hodari katika ile ndogo.

Maono ni ya nani?

Katika darasa la falsafa tunamsoma Aristotle, ambaye anatofautisha urafiki wa aina tatu: ule wa manufaa, ule wa raha, na ule wa watu wema wanaotakiana mema kwa dhati. Aina mbili za kwanza, anasema, huvunjika upesi, kwa kuwa manufaa yakiisha au raha ikipoa hakuna kinachobaki kuwafunga. Tulipoyasoma maneno hayo baada ya likizo tulitazamana. Kikundi chetu kilikuwa na manufaa, maana mfadhili alikuwepo, na kilikuwa na raha, maana tulikuwapo sisi na nyimbo zetu. Vyote viwili tuliondoka navyo.

Mtakatifu Thomas wa Akwino naye, anapojadili kazi ya mwalimu, anaifananisha na ya mganga. Mganga hamletei mgonjwa uzima kutoka nje. Anausaidia mwili utumie nguvu yake wenyewe ya kupona. Ndivyo na mwalimu: humsaidia mwanafunzi atumie nuru ya akili aliyo nayo tayari. Hamimini elimu kichwani mwake kama maji mtungini. Tunadhani uongozi wa chama ni vivyo hivyo. Kiongozi mwenye maono ya kweli ni yule anayeona wema ambao tayari uko ndani ya watu, hata kama umelala, akauamsha na kuupa utaratibu. Yule anayefika na maono yaliyokwisha kukamilika, akatafuta watu wa kuyatekeleza, ameajiri vibarua hata kama hawalipi.

Kanisa limelifundisha jambo hili katika mafundisho yake ya jamii. Papa Pio XI, katika waraka Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alieleza kwamba ni dhuluma chombo kikubwa kunyang'anya chombo kidogo kazi ambayo hicho kidogo kinaiweza. Mara nyingi tunalisema hilo dhidi ya serikali. Ni mara chache tunajihubiria wenyewe. Paroko anayechagua rangi ya sare za kwaya, mwenyekiti ambaye kamati yake haijui nywila ya akaunti, frateri anayebeba daftari la kigango begini mwake: hawa wote wanahusika na waraka huo.

Nani anashika mfuko?

Haiwezekani kuzungumzia vyama bila kuzungumzia fedha. Mapema mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likaacha kutekeleza miradi. Katika nchi zetu watu walipoteza ajira ghafla, na mashirika, yakiwemo ya Kanisa, yakalazimika kupunguza huduma au kuzifunga. Hatutaki kuwa wepesi wa kulaumu hapa. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI haziwezi kununuliwa kwa sadaka ya jumuiya, na si haki kumwambia mgonjwa ajitegemee. Misaada iliokoa maisha ya watu tunaowajua.

Lakini zipo kazi ambazo hazikuhitaji fedha za mbali, nazo zilikufa pia. Kumtembelea mgonjwa hakuhitaji bajeti ya mafuta ya gari pale mgonjwa anapokuwa jirani. Tumezoea kuanza na andiko la mradi. Wale vijana wa Paris walianza na mifuko yao. Hadi leo mikutano ya Chama cha Mtakatifu Vinsenti ina desturi ya mchango wa siri: mfuko hupitishwa, kila mmoja anatia alichonacho, na hakuna anayejua mwenzake katia nini. Mwenye shilingi mia tano na mwenye elfu hamsini wanatoka wakiwa sawa. Mfuko ule haukusanyi fedha tu. Kila anayetia anakuwa mwenye chama, na mwenye chama huuliza maswali.

Maswali hayo ndiyo viongozi wengi wanayaogopa. Hata hivyo Sheria ya Kanisa iko wazi. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na baraza la masuala ya uchumi, na kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa kwa Kanisa. Kusoma mapato na matumizi mbele ya watu ni sehemu ya uchungaji. Tumeona kikundi cha akina mama wanaokopeshana ambacho kila wiki huhesabu fedha mezani, mbele ya wote, kwa sauti, na sanduku lina kufuli tatu zenye funguo kwa watu watatu tofauti. Hawajawahi kusoma somo la uongozi. Mwenyekiti wao alihamia kwa mwanawe mjini, na wiki iliyofuata kikundi kilikutana kama kawaida.

Je, kiongozi hahitajiki?

Mtu anaweza kutupinga akisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Anaweza kusema kwamba kamati huua kazi, kwamba watu wakiulizwa hawasemi, na kwamba bila mtu mmoja mwenye msimamo hakuna shule, zahanati wala kisima ambacho kingejengwa. Pingamizi hili lina ukweli. Tunazijua parokia ambazo vikao ni vingi na kazi hakuna. Tunajua pia kwamba wamisionari na mapadre wengi waliofanya makubwa walikuwa watu wa maamuzi, na tunakula matunda yao.

Hatusemi chombo kikose nahodha. Tunasema mabaharia waijue njia. Siku nahodha akiugua, pasiwe na haja ya kutupa nanga katikati ya bahari. Kuhusu watu wasiosema wanapoulizwa, uzoefu wetu mdogo umetufundisha kwamba mara nyingi wanaulizwa wakati jibu limeshapitishwa. Watu si wajinga. Wanajua kutofautisha swali na tangazo.

Tena kuna kishawishi ambacho sisi tunaojiandaa kwa upadre tunapaswa kukitaja kwa jina lake. Kuhitajika ni kutamu. Simu inapoita mara kumi kwa siku, watu wanapongoja neno lako kabla ya kununua hata mkeka wa kanisani, unajisikia kwamba wito wako una maana. Ni rahisi kuuita upendo huo utumishi, hali sehemu yake ni kiburi. Papa Fransisko, katika Evangelii Gaudium ya mwaka 2013, alitushauri tujali zaidi kuanzisha safari zitakazoendelea kuliko kutawala nafasi tulizonazo. Anayeanzisha safari hulazimika kukubali kwamba wengine watafika mahali ambapo yeye hatafika.

Biblia inatupa mfano wa mtu aliyejifunza hilo kwa awamu. Katika Kutoka 18 tunamkuta Musa akiamua mashauri ya watu peke yake tangu asubuhi hadi jioni, na mkwewe Yethro anamwonya kwamba atajichosha yeye na kuwachosha watu. Anamshauri achague watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu na kuchukia rushwa, wawe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Musa alisikia. Miaka mingi baadaye, katika Hesabu 27, Mungu anamwambia kwamba hataingia katika nchi ya ahadi. Pale Musa hajiombei. Anaomba apatikane mtu wa kuwaongoza, ili watu wa Bwana wasibaki kama kondoo wasio na mchungaji. Kisha anamwekea Yoshua mikono mbele ya watu wote, yeye mwenyewe akiwa hai.

Tulivyojaribu upya

Kabla likizo haijaisha tulimwomba mwenyekiti wa jumuiya ile, mama yule wa ndoo, ruhusa ya kuhudhuria ibada yao ya Alhamisi. Tuliomba radhi, kisha tukauliza wanahitaji nini. Palikuwa na ukimya kidogo, halafu mzee mmoja akasema: “Mafrateri, maji tunayaweza. Kuni tunaziweza. Kinachotushinda ni siku za kliniki. Bibi hawezi kwenda peke yake, na sisi siku hiyo tuko mashambani.”

Hilo halikuwamo katika daftari letu. Sisi tulikuwa tunapeleka sukari. Jumuiya yenyewe ikachagua vijana wawili watakaopokezana kumsindikiza, ikapanga nani awape nauli, ikamteua katibu wa kuandika tarehe. Daftari tulilikabidhi kwa katibu, likiwa na kurasa nyingi tupu. Tulimwomba pia padre rafiki yetu kwamba akitaka kusaidia tena, amtafute mhazini wa jumuiya, asitutafute sisi. Alicheka, akakubali.

Hatuwezi kutamba kwamba safari hii tumefaulu. Tunachoweza kusema ni kwamba kazi ile haituhitaji tena, na jambo hilo lilituuma kidogo kabla halijatufurahisha.

Tunawaomba basi ninyi waamini mnaotusoma: frateri au padre akija na maono mazuri, mpokeeni, lakini mwulizeni mapema nani atabaki na daftari. Mkichaguliwa kuwa viongozi, msishike cheo hadi mzikwe nacho. Mwandaeni mtu mngali na nguvu za kumwelekeza. Na sisi tulioko kwenye malezi tujiulize kila tunapoanzisha jambo: tukiondoka kesho alfajiri, nani atajua afanye nini Jumamosi? Kama hakuna jibu, bado hatujaanza.

Bibi yule tulimuaga siku moja kabla ya kurudi. Hakutuuliza tutarudi lini. Alituambia tu kwamba kliniki yake ni Jumanne, na kwamba kijana wa kumsindikiza ameshapita kumkumbusha.